Tatoo ya kwanza: kuanzia wazo hadi kidonda kupona

Anayetaka kuchora tatoo kwa mara ya kwanza huuliza mambo mawili: inauma kiasi gani, na ni shilingi ngapi. Maumivu hupungua siku hiyohiyo, na bei unaweza kuisubiri hadi mshahara utoke. Linalohitaji muda ni kuamua kitu gani ukibebe mwilini ukiwa na miaka ishirini na mitano, na bado hukionei haya ukifika hamsini. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka mchoro wenye maana kwake: jina la mzazi aliyetangulia, mahali alipozaliwa, mwandiko wa bibi. Anayetaka ua kwa sababu tu ni zuri naye ana haki yake, na yanayohusu afya hapa chini yanamhusu sawasawa.

Watakaokuambia kwamba kujichora ni uzungu, wasikusumbue. Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma walichanja nembo usoni na kifuani kwa kisu kidogo, kisha wakasugua unga wa mkaa kwenye vidonda ili weusi ubaki. Tofauti ni kwamba kule kijana hakuchagua peke yake. Michoro ilikuwa ya jamii na fundi aliijua. Wewe umeachiwa simu yenye picha maelfu, na kazi ya wazee unaifanya mwenyewe.

Hatua ya 1: Chora jambo lililokwisha kutokea

Hii ndiyo kanuni yangu, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote zilizomo humu. Tarehe aliyozaliwa mwanao haitabadilika. Kijiji ulichokulia kitabaki kuwa ulichokulia hata ukihamia Toronto. Mwandiko wa marehemu babu hauwezi kugeuka ukakukana. Lakini mapenzi ya sasa, kauli ya kujipa moyo uliyoiona wiki iliyopita, kazi unayoitarajia, hayo bado yanaendelea, na yanayoendelea hubadilika. Jina la mpenzi lisubiri. Kama ndoa itadumu miaka ishirini, jina litakuwa bado lipo na mchoraji atakuwa bado yupo. (Simba na Yanga siwagusi, huko watu huzikwa nayo. Ila kumbuka klabu huweza kubadilisha nembo yake.)

Jipime hivi: andika sentensi moja inayosema kwa nini unataka mchoro huo. Ikianza na "nilikuwa", "alikuwa" au "nilipitia", endelea. Ikianza na "natumaini" au "nataka kuwa", iweke kando mwaka mmoja uisome tena.

Ukiwa umefiwa, usiende kuchora wiki ya mazishi. Subiri arobaini ipite, na ukiweza subiri hadi mwaka ugeuke. Msiba mbichi humfanya mtu atake kitu kikubwa: uso mzima wa marehemu kifuani, tarehe ya kufa kwa tarakimu nene. Miezi ikipita, wengi hugundua wanachotaka kukumbuka ni maisha ya mtu yule kuliko siku aliyokufa.

Mahali pa kutafuta ni nyumbani kwanza. Fungua sanduku la barua. Angalia daftari la madeni la duka la babu, sahihi yake kwenye cheti, ukurasa wa mwanzo wa Biblia ambapo vizazi vya ukoo vimeandikwa kwa kalamu tofautitofauti. Piga picha mwandiko huo mchana, karatasi ikiwa imelala sawa, bila kivuli cha mkono. Neno moja la mwandiko wa mtu lina nguvu kuliko picha ya uso wake, na mchoraji wa kawaida anaweza kulinakili bila kukosea, ilhali uso unahitaji bingwa. Kanga nazo ni hazina. Ile ambayo mama hakuiacha ina pindo na mji ambavyo vinachorwa vizuri sana, na jina lake ni maneno ambayo tayari yana historia nyumbani kwenu. Unyayo wa mtoto mchanga uliogongwa kwa wino kwenye kadi pia hufaa, ukipunguzwa kidogo tu.

Hatua ya 2: Kazi, dini, nyumbani

Kabla ya kuchagua mahali pa mwili, fikiria kazi unazoweza kuomba. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi Tanzania huweka sharti kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini, na mwili utakaguliwa, hivyo usitegemee shati. Mwenye ndoto ya majeshi asichore kabisa hadi ajue hatima yake. Mashirika ya ndege ya Ghuba, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki huomba kazi, nayo ni makali: Emirates hairuhusu mhudumu wa ndege awe na tatoo inayoonekana akiwa ndani ya sare, na kuifunika kwa plasta au vipodozi hakukubaliki. Ofisi nyingine nyingi hazijali kilicho juu ya kiwiko. Kwa tatoo ya kwanza napendekeza sehemu ya juu ya mkono kwa ndani, mgongo chini ya shingo au ubavu: pote pafunikwe na shati la mikono mifupi. Vidole, shingo na uso viache kabisa mara hii.

Kwa Waislamu, wanazuoni walio wengi wanaiharamisha tatoo ya kudumu. Kwa Wakristo, mstari unaotajwa ni Mambo ya Walawi 19:28, nao makanisa huusoma kwa namna tofauti. Si kazi ya mwongozo kukuamulia. Ila lijibu swali hilo kabla ya sindano, kwa sababu baada ya sindano halina jibu rahisi. Na hata mtu asiyejali hukumu, aya ya Kurani mwilini itaingia naye chooni kila siku. Hilo peke yake limewafanya wengi waghairi.

Nyumbani, mwambie mama kabla. Humwombi ruhusa kama umeshakuwa mtu mzima. Unamwepusha na kuambiwa na jirani. Na ukienda na barua ya marehemu mama yake mkononi, mazungumzo huwa mengine kabisa.

Hatua ya 3: Isome ngozi yako

Watu wenye asili ya Afrika hupata keloidi zaidi kuliko wengine, yaani kovu linaloendelea kukua na kuvuka mipaka ya kidonda chenyewe. Unaweza kujikagua bila daktari. Tazama kovu la chanjo ya kifua kikuu mkononi, tundu la hereni, kovu la upasuaji au la kuanguka utotoni. Yakiwa bapa, ni dalili njema. Yakiwa yameinuka, yanang'aa, yanawasha, au yamekuwa makubwa kuliko kidonda kilivyokuwa, acha, au muone daktari wa ngozi kwanza. Uliza pia wazazi na ndugu, kwani hali hii hukaa katika ukoo. Kifua, mabega na masikio ndiyo yanayopenda kuota keloidi, na inaweza kuchelewa miezi kadhaa baada ya kidonda kufunga. Kwa hiyo wiki tatu za kupona vizuri bado hazijathibitisha kitu.

Mengine kwa kifupi. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Mwenye kisukari ahakikishe sukari yake imetulia. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aongee na daktari, wala asiziache mwenyewe. Chini ya miaka 18, hapana. Kagua kama chanjo ya pepopunda bado inakulinda.

La homa ya ini aina ya B lina uzito wake. Kirusi chake kinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, kwenye tone la damu lililokauka ambalo hulioni. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wa Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuipata. Mtu mzima kwa kawaida huchanjwa mara tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Pima kwanza, kisha uchanjwe. Na kama wewe ni mchangiaji damu, jua kwamba ukishachora utaambiwa usubiri, mara nyingi miezi sita hadi mwaka. Changia kabla.

Hatua ya 4: Ivae kabla ya kuichora

Mwambie mchoraji wa hina aichore pale unapopataka, kwa ukubwa uleule. Hina hudumu wiki moja hadi mbili, muda wa kutosha kuoga nayo, kwenda nayo kazini na kuona kama unaichoka. Omba hina halisi, ile inayoacha rangi ya kahawia au nyekundu. Piko, ile nyeusi tii ipakwayo kwa harusi pwani yote kuanzia Lamu hadi Unguja, mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Inaweza kukuletea malengelenge na makovu, na ukishapata mzio wake mara moja unabaki nao, ukija kukusumbua tena siku unapopaka rangi nywele. Itakuwa ajabu kupata kovu la kudumu kwa mchoro wa majaribio. Asiye na fundi wa hina atumie kalamu ya wino, airudie kila asubuhi.

Hatua ya 5: Tengeneza mchoro utakaozeeka vizuri

Hapa ndipo maana nzuri huharibiwa na mchoro mbaya, kwa hiyo tukae kidogo.

Sindano hupeleka wino ndani ya ngozi ya kati, kama milimita moja hadi mbili. Seli za kinga huumeza, zikifa huuachia, nyingine zikaumeza tena. Watafiti wa Marseille, Ufaransa, walilionyesha hilo kwa panya mwaka 2018. Ndiyo maana tatoo haiondoki. Lakini wino hausimami palepale kabisa. Mistari hunenepa na miaka, na matundu madogo ya herufi kama a na e huziba. Mwandiko wa bibi uliokuwa na herufi za milimita tatu kwenye barua lazima ukuzwe. Mimi sishuki chini ya sentimita moja kwa urefu wa herufi, na kama neno halitoshei kwa ukubwa huo, nachagua neno fupi zaidi au mahali papana zaidi. Wazo liwe dogo, mchoro uwe mkubwa. Wanaoanza wengi hufanya kinyume.

Kwenye ngozi nyeusi, rangi huonekana kupitia tabaka lenye weusi wako mwenyewe, kama taa nyuma ya pazia. Nyeupe na manjano hupotea. Wino mweusi wenye mistari iliyokolea na nafasi za kutosha katikati ndio unaokaa vizuri kuliko wote. Nyekundu huonekana kwa baadhi ya watu, lakini ndiyo rangi inayoongoza kwa kuleta mzio, na kwa tatoo ya kwanza sioni haja yake. Weusi una faida nyingine: ukija kujuta, ndio unaokubali kufutwa kwa leza, ingawa kufuta huchukua vikao vingi, hugharimu kuliko kuchora, na kwa ngozi nyeusi huhitaji mashine yenye mwanga wa nanomita 1064 na mtaalamu anayeijua, la sivyo utabaki na baka.

Kisha maandishi. Jina lisomwe na watu watatu, herufi kwa herufi, mmoja wao akilisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Fundi aliyezoea kuchanganya r na l akisema, ataziandika hivyohivyo. Wewe mpelekee karatasi iliyochapwa. Tarehe ianze na siku, halafu mwezi, na usitumie muundo wa Kimarekani kwa sababu tu programu ya simu imekuletea hivyo. Majina kwa herufi za Kiarabu huharibikia kwenye kompyuta: programu nyingine za kuchorea huzitenganisha herufi na kuzipanga kutoka kushoto, na anayejua kusoma ataona kichekesho. Peleka karatasi kwa mwalimu wa madrasa, na ujiandae kusikiliza mawaidha kabla hajakusahihishia.

Wanaopenda kuchora mahali kwa vipimo vya ramani nao waangalie alama ya kutoa. Tanzania yote iko kusini mwa Ikweta. Bagamoyo iko takriban nyuzi 6.44 kusini na 38.90 mashariki, na simu huandika latitudo hiyo kama -6.44. Ukiisahau ile alama, umebeba mkononi mahali fulani kusini mwa Ethiopia. Andika herufi ya kusini badala ya alama, ikae wazi.

Hatua ya 6: Mchague mtu, kisha chumba

Omba picha za tatoo zilizokwisha kupona, zenye mwaka au zaidi, kwenye ngozi yenye weusi kama wako. Picha ya dakika tano baada ya kazi huwa nzuri kwa kila mtu. Mchoraji asiyezoea ngozi nyeusi hudhani wino haujaingia, akarudia mstari uleule mara tatu, na kinachobaki ni kovu lililoinuka. Ukipapasa tatoo ya zamani aliyomchora mtu mwingine, kidole kinatakiwa kiteleze.

Nenda ukaone chumba siku ambayo huchorwi. Sindano mpya itolewe kwenye pakiti iliyofungwa, mbele ya macho yako, na pakiti iwe na tarehe ya mwisho wa matumizi. Wino umiminwe kwenye vikombe vidogo vinavyotupwa baada yako. Akichovya kwenye chupa kubwa, ondoka. Glavu zibadilishwe kila anaposhika simu, na wengi hushika simu. Mashine na waya wake vivishwe plastiki. Kuwepo na boksi gumu la sindano zilizotumika. Vyombo vya chuma vinavyorudiwa vipikwe kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu), kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa angalau dakika 15. Kisanduku chenye taa ya bluu kinapendeza tu, na maji ya kuchemsha jikoni hayatoshi.

Uliza pia anapunguza wino kwa kitu gani. Maji ya bomba hayafai, na hata yaliyo safi kwa macho si salama: kule Rochester, jimbo la New York, mwaka 2011 watu 19 walipata maambukizi ya bakteria kwa sababu wino wa kijivu ulipunguzwa, kabla hata haujafika kwa mchoraji, kwa maji ambayo hayakuuliwa vijidudu. Maji tiba ya chupa, yale ya hospitali, ndiyo yanayotakiwa.

Bei hutegemea ukubwa na saa. Kama fedha haitoshi, punguza mchoro au subiri. Usiombe punguzo hadi mtu aanze kubana matumizi ya sindano.

Hatua ya 7: Siku ya kuchora

Kula vizuri, kunywa maji, lala mapema. Pombe hapana tangu jana yake, maana damu hutoka zaidi na wino unasukumwa nje. Vaa nguo nyeusi iliyolegea. Mchoro utabandikwa kwanza kwa karatasi ya kunakili: simama wima mbele ya kioo, mikono ikining'inia, usome tena jina lote. Usipopenda pabandikwe upya, hata mara nne, na usione aibu.

Maumivu ni ya kukwaruzwa juu ya ngozi iliyoungua jua. Ubavu na mifupa ya kifundo huuma. Nje ya mkono ni nafuu. Kizunguzungu kikija sema, ule kitu kitamu, mpumzike. Krimu za ganzi zenye nguvu zinazouzwa mitandaoni usijipake mwenyewe.

Hatua ya 8: Wiki tatu za kidonda

Ondoa plastiki uliyofunikwa kidonda baada ya saa chache, hasa ukiwa Dar au Mombasa ambako jasho hugeuka supu chini yake. Kama ulibandikiwa ile ya kunata ya kitaalamu, fuata muda alioutaja mchoraji. Nawa mikono, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na sabuni ya maji isiyo na manukato, kausha kwa karatasi laini safi. Taulo la familia liache. Paka mafuta ya mgando kiasi cha ngozi kung'aa tu, mara mbili au tatu kwa siku, kutoka kopo jipya ambalo ni lako peke yako. Lile la sebuleni limeingizwa vidole vya nyumba nzima. Dawa ya meno, majivu, spiriti na mafuta ya mtu aliyekuambia yanaponya kila kitu, vyote hapana.

Kuanzia siku ya nne hivi ngozi hubambuka na kuwasha. Usikune, pigapiga kwa kiganja. Bahari, ziwa na bwawa la kuogelea visubiri wiki tatu. Kwenye bodaboda vaa mikono mirefu ya pamba, kwa ajili ya vumbi na jua. Rangi itafifia kwa muda, kisha itarudi.

Wekundu, joto na uchungu vinatakiwa kupungua kila siku. Vikiongezeka baada ya siku ya tatu, au ukiona usaha, homa, au mistari inayopanda kutoka kwenye kidonda, nenda zahanati siku hiyohiyo na useme wazi ni tatoo. Vidonge vya rangi mbili vya kujinunulia dukani vitaficha tatizo huku likikua.

Wiki ya sita au ya nane, rudi kwa mchoraji akague sehemu zilizopauka. Wengi hurekebisha mara ya kwanza bila malipo, lakini wengine hutoza, kwa hiyo liulize hilo siku unapotoa kishika nafasi na liandikwe kwenye risiti.